Lango la Aliyefika Mwisho

Nakumbuka jioni ambayo mpaka ulifungwa kabla ya wakati wake, na wanawake wa Bukavu, ng'ambo ya mto, waliokuja asubuhi kununua nyanya katika soko la Kamembe wakakuta hawawezi kurudi kwao. Nakuanzia hapo, mwanangu, kwa sababu Jumatatu unaanza kazi Tupokeane, nyumba yetu ya kupokea wakimbizi, na najua wameshakutembeza. Wamekuonyesha darasa la cherehani, chumba cha watoto wadogo, ofisi zenye kompyuta, na yule mlinzi bila shaka amekuambia kwamba tuna matawi Giheke na Nkungu, maana habari za matawi hawezi kuzinyamazia hata akiwa na homa. Mimi nataka kukusimulia jambo ambalo hawakukuonyesha, kwa kuwa halina paa wala ukuta. Keti. Chai ipo, na mandazi haya nimeyapika mwenyewe, kwa hiyo usijifanye umeshiba.

Wakati ule nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza shule, kichwa kimejaa Kifaransa na mikono haina kazi. Nilikaa kwa mama yangu mdogo, Maman Sakina, mjane aliyekuwa akiuza sambaza pale sokoni. Wewe umekulia Kigali, nisikuchokoze. Sambaza ni hivi visamaki vyetu vidogo vya Ziwa Kivu, ambavyo utavila hapa mpaka uvisahau vyakula vingine. Maman Sakina alikuwa mfupi, sauti yake ilifika kituo cha mabasi, na alikuwa na mkono ambao soko zima liliujua. Akishakupimia kopo lako na kulisawazisha, alichota tena konzi moja kubwa akakutilia juu, bila kuombwa. Nyongeza hiyo sisi wa huku tunaiita matabishi. Muuzaji anakupa ili ujue kwamba mmeachana vizuri, na wapo waliomzunguka muuzaji wa karibu wakaenda mpaka mwisho wa safu kwa ajili ya konzi ya Maman Sakina.

Basi jioni ile milio ya bunduki ilisikika ng'ambo ya mto, daraja likafungwa, na wale wanawake wa nyanya wakabaki wameketi kwenye ngazi za maduka yaliyofungwa, vikapu vyao magotini. Asubuhi walikuwa wafanyabiashara. Jioni walikuwa wakimbizi, na wao wenyewe walikuwa bado hawajajua. Watu walipita wakiwaonea huruma na kuendelea na safari zao. Maman Sakina alikuwa akifunga meza yake, akawaona, akaniona mimi nikiwaona, akasonya.

"Munaikala hapo juu ya nini?" akawauliza. "Muko na nyanya, miye niko na sambaza. Muje nyumbani tupike."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hapakuwa na mkutano wala mradi. Walikuja uani kwetu, wakapika nyanya zao na sambaza zetu katika sufuria ambayo Maman Sakina aliiazima kwa jirani, na ingawa nyuso zilikuwa zimekunjamana kwa hofu, nakumbuka mmoja alilalamika kwamba chumvi haitoshi. Maman Sakina alifurahi mno kusikia lalamiko hilo. Alisema mtu anayelalamikia chumvi bado ni mzima.

Kesho yake wakaja wengine, na hao hawakuwa na vikapu. Walikuja na magodoro kichwani, na watoto mgongoni, na baadhi yao hawakujua lugha yoyote isipokuwa Mashi. Maman Sakina alijua Kiswahili, Kinyarwanda, na matusi machache ya Kifaransa, lakini Mashi hakuwa nayo hata neno. Alisimama langoni akiwatazama, kisha akamgeukia mwanamke mmoja wa wale wa nyanya, aliyeitwa Maman Bora, akamtia mkononi kopo la kupimia unga.

"Weye ulifika jana," akamwambia. "Pokea bano." Yaani hawa wa leo.

Maman Bora akapima. Kila familia makopo yake, yamesawazishwa vizuri kwa kiganja. Halafu, nadhani kwa mazoea tu ya sokoni, akafungua kitambaa alichofungia unga wake mwenyewe, ule tuliompa asubuhi, akachota konzi moja akaitia juu ya fungu la mgeni wa kwanza. Yule mgeni, bibi aliyekuwa na matope mpaka kifuani, akautazama unga, akamtazama Maman Bora, akasema kwa sauti ndogo, "Matabishi?" Wakaanza kucheka wote wawili, na wakicheka hivyo machozi yakawatoka, nami niliyekuwa nimesimama na mitungi ya maji nikashindwa kujizuia.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Anayekuja hupokewa na aliyefika mwisho kabla yake. Unga unatoka ghalani, lakini matabishi yanatoka katika fungu la anayempokea. Kisha huyo huyo anamwonyesha mgeni mahali pa maji, mahali pa kulala, njia ya kwenda kuandikishwa kwa wakubwa wa serikali, na moto gani, yaani pikipiki, ya kupanda bila kudanganywa, mpaka aje mwingine naye apokewe na huyu. Maman Sakina hakuwahi kuieleza kwa maneno mengi. Aliyeuliza aliambiwa kwamba mtu aliyefika jana bado anakumbuka ni kitu gani alichokihitaji kwanza, na sisi wenyeji tumeshasahau.

Miaka ikapita hivyo. Kule ng'ambo palitulia na kuchafuka, pakatulia tena na kuchafuka tena, na nyakati nyingine watu walitoka Burundi kwa njia ya Bugarama. Wengi serikali iliwapeleka kambini, na ilikuwa sawa, maana ua wetu haukuwa Kigali nzima. Lakini walikuwapo waliobaki mjini, wenye wagonjwa, wenye ndugu, wenye sababu zao. Msikiti ukatoa mikeka. Akina mama wa parokia wakaleta masufuria makubwa, na siku ya kwanza waliyoyaleta Maman Sakina aliyapiga piga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua nazi, kisha akatangaza kwamba Wakristo wanajua sufuria. Jirani akatuachia chumba, mwingine akatuachia viwili. Tukapata jina, tukapata muhuri, na mimi kwa Kifaransa changu nikafanywa katibu.

Sasa nakuleta kwa Nsimire, ambaye ndiye sababu ya kukukalisha hapa.

Alikuja alasiri ya mvua. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuza makaa kutoka upande wa Kabare, na katika msongamano wa watu waliokimbia, mkono wa binti yake wa pekee uliteleza kutoka mkononi mwake. Binti huyo aliitwa Furaha. Nsimire alirudi nyuma kumtafuta, umati ukamsukuma mbele, akarudi, ukamsukuma, mpaka akajikuta amevuka mto bila mtoto. Aliyempokea alimpimia unga na kumtilia matabishi yake, naye akaviacha vyote viwili chini, akageuka kutaka kurudi darajani.

Na bunduki zilikuwa bado zinalia. Tuliokuwapo tulijua kwamba akivuka usiku ule huenda tusimwone tena, na kwamba mtoto, kama yu hai, angepoteza na mama. Tukamshika mikono. Tukamsihi. Akatusukuma kwa nguvu za mtu mwenye kubeba magunia ya makaa. Ndipo Maman Sakina akasimama mbele yake na lile kopo.

"Nani amefika nyuma yako?" akamwuliza.

"Hakuna muntu."

"Basi lango njo lako. Hauwezi kwenda mpaka umupokee mwenye anakuja."

Nsimire akamtazama kwa hasira ambayo mpaka leo ninaiona. "Miye niko natafuta mutoto wangu," akasema, "na weye unanipa kazi ya kupokea batu?"

"Njo maana nakupa," Maman Sakina akajibu. "Mwenye atakuja kesho amepita ile njia mutoto wako alipotelea. Weye ukienda, nani atamuuliza?"

Nilikuwa nimesimama kando, na moyo uliniuma kwa yule mwanamke. Nikamvuta Maman Sakina pembeni, nikamnong'oneza kwamba huyu amevunjika, apumzike, tumpe lango mtu mwingine. Nilisema kwa nia njema, na ningependa uelewe hivyo, maana wewe pia utakuwa na nia njema na utasema maneno kama hayo. Maman Sakina hakunong'ona. Hakujua kunong'ona.

"Zaituni," akasema mbele ya watu, "weye unaona machozi yake tu. Yeye mwenyewe haumuoni. Ukimunyima kazi leo, kesho utamunyima nini?"

Niliona aibu. Nilidhani pia kwamba amekosea, ila sikuthubutu kusema.

Nsimire alilichukua kopo. Hakulichukua kwa upole, alilinyang'anya. Akakaa langoni na nguo zake zile zile za mvua, na kila asubuhi aliapa kwamba akishampokea mmoja tu, anaondoka. Na unajua ilivyokuwa? Hakuja mtu. Njia ya kule juu ilikuwa imefungwa na wapiganaji, na siku zikapita lango likiwa kimya. Mimi nilimpelekea chai, akainywa bila kunitazama. Nilimlaumu Maman Sakina moyoni. Niliona ni kama amemfunga yule mama kwa kamba, na kwamba mtoto anazidi kupotea sisi tukicheza mchezo wa kopo.

Halafu wakaja watu. Baba, mama na watoto wao, wamechoka kiasi kwamba mtoto mmoja alikuwa akitembea amelala. Nsimire akasimama. Mikono ilimtetemeka hata unga ukamwagika kidogo, akauzoa, akapima upya, akatia matabishi yake, na kabla hawajakaa chini akawauliza, "Mulipita njia gani? Hamukuona mutoto mwanamuke mwenye robe ya manjano?"

Hawakuwa wamemwona. Nilimwona Nsimire akishusha mabega, nikajua sasa ataondoka. Lakini yule baba, kwa kutaka kusaidia, akasema gauni la manjano hawakuliona, ila kanisani walikolala palikuwa na mvulana peke yake, mwenye kovu shavuni, akimlilia mama yake aitwaye Riziki. Mwanangu, uani kwetu palikuwa na Riziki! Alikuwa ndani akichambua maharage, ana juma zima halali, naye alikuwa hajathubutu kumwambia mtu yeyote kwamba amepoteza mtoto, kwa sababu aliona aibu kuwa mama aliyepoteza mtoto. Nsimire akakimbia kumwita. Sijui jinsi ya kukueleza kilio cha Riziki. Nenda tu ukafikirie mwenyewe.

Yule mvulana aliletwa mara tu mpaka ulipofunguliwa, na wakubwa wa pande zote mbili wakakubali. Walioulizia njia nzima mpaka kumfikia ni wale wale wanawake wa vikapu wa jioni ya kwanza, waliorudia biashara yao, wanaovuka kila siku na wanaojulikana katika kila soko la Bukavu. Na Nsimire hakuondoka. Kwa desturi, lango lilikuwa limeshahamia kwa ile familia, lakini jioni ile nilimsikia akimfundisha yule baba. Alimwambia, ukishapima na kutia matabishi, uliza njia waliyopita na watoto waliowaona, na usiulize wa kwako peke yake. Yeye naye akamfundisha aliyemfuata. Swali la Nsimire likaanza kutembea pamoja na kopo. Kila aliyelipokea lango alipokea na majina ya watoto waliokuwa wakitafutwa, akayashika kichwani, akayapeleka mbele. Tulipompata mtoto wa pili, na wa tatu, watu wa Nkungu na Giheke wakaanza kutuma habari zao kwetu. Ile idara ya kutafuta jamaa ambayo leo ina gari na wafanyakazi wake, na ambayo wageni hupigwa nayo picha, ilianzia kinywani mwa mwanamke mwenye kiatu kimoja.

Wakati huo ndipo shirika moja la Kigali likaja kututazama. Watu wema, sina neno baya juu yao. Walitaka kutujengea, nasi tulihitaji sana. Walichotaka kubadilisha ni lango tu. Walisema pawekwe mtu aliyesomea kupokea watu, mwenye meza na kitambulisho kifuani. Sisi vijana tulilipenda wazo hilo, maana meza ni kitu kizuri ukiwa kijana. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, akaliweka jambo mbele ya Maman Sakina kwa heshima kubwa.

Maman Sakina akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilitushangaza. Kisha akauliza, "Weye umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi, Maman."

"Kumbe weye njo mwenye amefika mwisho." Akampa kopo.

Yule mama wa miwani alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Haukupita muda akaingia kijana wa Kirundi na mkewe mwenye mimba kubwa, na watu wote wakageuka kumtazama mwenye kopo. Akapima, vibaya, akaurekebisha. Akatafuta matabishi akakumbuka kwamba hana unga wake. Akafungua mkoba, akatoa mkate aliokuwa amenunua kwa safari ya kurudi, akampa yule mke. Halafu akakaa nao chini, na suti yake, akawauliza walikopita. Alipoondoka jioni, habari ya meza haikutajwa tena. Walitujengea ukumbi na vyumba vile unavyoviona, na lango wakaliacha kama lilivyo. Ninampenda yule mama mpaka leo. Si kila mtu aliyesoma hukubali kushikishwa kopo.

Na Furaha? Najua unamsubiri. Sisi pia tulimsubiri, na miezi ikaenda. Nsimire alijifunza kukaanga sambaza, akawa na meza yake karibu na ya Maman Sakina. Alifurahi kila mtoto wa mwenzake alipopatikana, akapika, akacheza, kisha akaingia ndani na kujifungia. Sitakuficha kwamba nilianza kuogopa kumtazama usoni.

Siku hizo aliyefika mwisho alikuwa Mzee Bahizire, seremala wa zamani, na sijaona binadamu mwenye manung'uniko kama yule. Uji mwepesi. Mkeka mgumu. Jua la Kamembe si zuri kama jua la Bukavu. Alipopewa kopo alilalama kwa nusu siku, akisema yeye ni muzee, magoti yake yameisha, na zaidi ya hayo hapa si kwao, kwa hiyo ampokee nani katika nyumba ya watu? Maman Sakina alimwacha alalame na kopo likiwa mapajani mwake.

Ndipo mwanamke mmoja wa vikapu akaleta habari kutoka soko la Kadutu. Mjane wa Nyangezi alikuwa akiishi na msichana aliyemwokota njiani, na msichana huyo alisema mama yake ni Nsimire muuza makaa. Wakubwa wakaulizwa, mjane akaulizwa, ikathibitika. Wakatuambia ataletwa juma hilo, siku hawaijui. Nsimire akawa anashinda darajani tangu asubuhi. Siku ya nne Maman Sakina akamwamuru aje ale, maana alikuwa anaanguka kwa njaa. Alikuwa ameketi uani, tonge la bugali mkononi, moto iliposimama nje, na yule mwanamke wa vikapu akashuka na msichana mrefu, mwembamba, aliyevaa gauni la mtu mwingine.

Nsimire aliitupa sahani. Alikimbia, na sisi sote tukasimama. Na pale langoni, mwanangu, Mzee Bahizire akainua mkono wake mmoja kumzuia.

"Maman, ngoja," akasema. "Ni zamu yangu."

Nilitaka kumpiga yule mzee. Nakuambia kweli tupu, nilipiga hatua kumwendea. Lakini Nsimire alikuwa amesimama. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka vidoleni, akasimama. Aliijua zamu ile kuliko sisi sote.

Mzee Bahizire akapiga magoti yale aliyosema yameisha. Akapima kopo la unga, akalisawazisha kwa kiganja taratibu kama fundi anavyopitisha randa. Akavuta mfuko wake, ule aliokuwa akilala nao kichwani asiibiwe, akachota matabishi. Hakuchota konzi moja. Alitia viganja viwili, akaongeza viwili tena, mpaka mfuko ukalegea. Kisha akamwangalia yule msichana, na kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akasema, "Karibu kwetu, mutoto."

Alisema kwetu. Yule mzee ambaye tangu afike hakuwahi kuiita nyumba ile jina lingine isipokuwa nyumba ya watu.

"Sasa," akamwambia Nsimire, "kamata mutoto wako."

Sitaeleza zaidi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha mpaka kichwa kikaniuma, na Maman Sakina alinifuata huko, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia yule mwanamke akinong'ona. Alisema, "Umemuona yule muzee?" Hakusema umemwona Nsimire, wala mtoto. Mtu aliyemtoa machozi ni mzee wa manung'uniko aliyekuwa hatimaye na mtu wa kumpokea.

Maman Sakina ametangulia mbele ya haki. Mungu amlaze pema, na amtilie matabishi. Nsimire ana meza tatu sokoni, utamjua kwa sauti, maana ameirithi ile ya Maman Sakina. Na Tupokeane imekua kuliko tulivyoweza kuota tulipokuwa tukiazima sufuria. Watu huja kuniuliza ilikuaje, wakitarajia niwatajie shirika lililotusaidia. Nawatajia, na ninalishukuru. Lakini nyumba ile ilikua kwa sababu kila aliyepokewa alipokea mwingine, na hapakuwa na siku ambayo watu wake walihesabiwa kuwa mizigo.

Nasaha yangu kwako, basi, niiseme wazi, nisikuache uikisie. Jumatatu utakaa kwenye kiti kizuri, na watu watakuja mbele yako wakiwa hawana kitu. Wape haki yao kamili, usiwapunje. Halafu usiwe na haraka ya kuwafanyia kila jambo. Tafuta ni kitu gani yule aliye mbele yako anaweza kumpa atakayefuata, hata kama ni swali tu, hata kama ni mkono unaotetemeka, umpe nafasi akitoe. Atakukasirikia pengine, kama Nsimire alivyokasirika. Kaa naye katika hasira hiyo. Na siku utakayojiona wewe ndiye mpokeaji na wao ndio wapokewa tu, siku hiyo uache meza yako, ushuke langoni, uombe kopo. Wewe ndiye uliyefika mwisho, mwanangu. Ni zamu yako, na wanakusubiri.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na masikio yasiyochoka. Akukutanishe na watu wema, na wale wagumu akupe subira nao mpaka uuone wema wao. Wazazi wako wakuone ukiwa na heshima mjini humu. Asipotee mtu mikononi mwako. Na kokote utakakofika maishani ukiwa mgeni, mchovu, hujui pa kuuliza maji, umkute langoni mtu aliyefika jana yake, amekushikia unga, amekuwekea na nyongeza. Amina. Haya, mandazi hayo yaliyobaki uyafunge, ukamgawie mlinzi, labda atanyamaza kidogo.